Jambia, Sime au Singe? Msamiati wa Kueleza na Kutathmini Silaha za Kale za Kijeshi

"Jambia kuukuu la gwaride la Mjerumani, lenye kipini cha pembe na mfereji wa damu. Lilitekwa Lugalo mwaka 1891 na kutunzwa katika boma la Wajerumani la Mbeya."

Lebo hiyo imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida katika orodha za wauzaji, tafsiri za vitabu vya historia na insha za wanafunzi. Tuseme imefungwa kwenye silaha iliyohifadhiwa na familia moja ya Iringa. Silaha hiyo ina bamba la chuma cha pua lenye urefu wa sentimita 37, lenye makali upande mmoja na linalopanuka kuelekea nchani. Kipini chake ni vipande viwili vya mti uliopata weusi, vilivyobanwa kwa parafujo mbili. Kichwani mwa kipini pana mwanya wenye kitufe cha kubonyeza, na mgongoni mwa bamba pamepigwa chapa ya taji, herufi W na tarakimu 13.

Lebo ni fupi, lakini inatoa madai yapatayo manane. Makala haya yanayachunguza moja baada ya jingine, kwa sababu mtu anayeeleza silaha ya kale kwa Kiswahili hachagui maneno kwa ajili ya ufasaha tu. Jina la silaha hudai aina yake, kivumishi hudai hali yake, na kitenzi hudai namna ilivyofika mikononi mwa mwenye nayo. Neno lisilo mahali pake laweza kuipandisha au kuishusha bei, na laweza pia kuwapa wajukuu historia isiyokuwa yao.

1. Jina la silaha

*Jambia* [li-/ya-] limetokana na Kiarabu, kutoka katika mzizi wenye maana ya ubavu. Ni silaha fupi yenye bamba lililopinda na makali pande mbili, inayovaliwa kwenye mshipi kiunoni. Ndiyo iliyomo katika bendera ya Oman, na ufundi wa kuitengeneza pamoja na desturi za kuivaa uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2022. Katika pwani ya Waswahili jambia lilikuwa alama ya hadhi kuliko chombo cha vita. Silaha isiyopinda, ya kiwandani na ya askari wa kawaida haistahili jina hilo, hata kama kamusi ya lugha mbili imelitoa kama kisawe cha kwanza.

*Sime* [i-/zi-] ni silaha ya bara, hasa ya wafugaji wa Kenya na Tanzania. Ni nyoofu, ina makali pande mbili, nayo hupanuka kuelekea nchani. Upana huo wa nchani huwapotosha baadhi ya watu wakaita "sime" kila bamba lenye umbo hilo. Hata hivyo, sime hufuliwa na mhunzi, haina chapa ya serikali wala mahali pa kupachikwa kwenye bunduki.

*Upanga* [u-/zi-] ni silaha ndefu ya kukatia na kuchomea. Wingi wake ni *panga*, na hapo ndipo utata unapozuka, kwa kuwa *panga* [li-/ya-], wingi *mapanga*, ni chombo cha shambani cha kufyekea. "Ala za panga" ni za silaha. "Ala za mapanga" ni za vifaa vya kufyekea. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha maana, na mfasiri asipouangalia humpa mkulima silaha ya afisa. Upanga uliopinda una jina lake pia, yaani *kitara*.

*Singe* [i-/zi-] ni silaha inayopachikwa kwenye mdomo wa bunduki. Neno hili linahusishwa na *sangin* la Kihindi. Inafaa kutambua kwamba askari walihudumu chini ya Wajerumani kwa takriban miaka thelathini, lakini neno lililobaki kwa silaha hii si la Kijerumani. Kijerumani kiliacha *shule* na *hela*. Msamiati wa silaha ulikwisha kujengwa kwa njia nyingine: *bunduki*, *risasi* na *baruti* yalipitia Kiarabu, na *mzinga* ni neno la Kibantu lililotangulia kutaja nyumba ya nyuki.

Silaha ya mfano wetu ina mwanya na kitufe kichwani mwa kipini. Hivyo vipo kwa ajili ya bunduki peke yake. Basi ni singe, wala si jambia.

2. Kale, zamani, kuukuu

Maneno haya matatu hutumiwa ovyo, ilhali kwa mkusanyaji yana uzito tofauti.

*-a zamani* hutaja wakati uliopita tu. "Singe ya zamani" yaweza kuwa ya miaka ishirini iliyopita, au iliyotumika kabla ya nyingine kuletwa.

*-a kale* hutaja umri mkubwa wenye heshima na thamani ya kihistoria. Ndiyo sababu taaluma inayohusika huitwa mambo ya kale, na sheria iliyotungwa Tanganyika mwaka 1964 kulinda vitu vya aina hiyo hujulikana kama Sheria ya Mambo ya Kale.

*Kuukuu* hutaja uchakavu. Nguo kuukuu imechakaa hata kama ina mwaka mmoja. Kwa hiyo anayeandika "singe kuukuu" akikusudia kuisifu kwa umri wake, anamwambia mnunuzi kwamba imekwisha. Silaha yaweza kuwa ya kale bila kuwa kuukuu, na kinyume chake; maelezo mazuri hutenga umri na hali katika sentensi mbili.

3. Ya gwaride au ya vita?

*Silaha ya gwaride* huvaliwa pamoja na sare rasmi. *Silaha ya vita* au *ya kikosi* hutolewa na jeshi kwa matumizi ya kazi. Katika jeshi la Ujerumani la mwanzo wa karne ya 20 aina zote mbili zilikuwapo. Askari wengi walijinunulia singe fupi za kuvaa siku za mapumziko na sherehe. Hizo kwa kawaida hupakwa nikeli zikang'aa, makali yake hayanolewi, na mwanya wake mara nyingi ni wa kuonekana tu, haupokei bunduki. Kwa kuwa zilikuwa mali binafsi, kwa kawaida hazina chapa ya ukaguzi wa serikali, bali jina au nembo ya kiwanda tu, aghalabu cha mji wa Solingen.

Singe ya kikosi huwa na chapa ya ukaguzi. Taji juu ya herufi W huwakilisha jina la mtawala, Wilhelm, na tarakimu mbili ni mwaka wa kupokewa. Chapa ya silaha yetu husomeka 1913. Hii, basi, si silaha ya gwaride. Ilitengenezwa kwa ajili ya kazi, ikakaguliwa na kupokewa na serikali.

Wapo wauzaji wanaoongeza neno "gwaride" ili kuipamba bidhaa. Wahenga walikwisha kusema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

4. Viungo vya silaha

Kiswahili kina majina ya viungo vingi vya silaha ya bamba, ingawa baadhi yamesahaulika nje ya kamusi. Yanayohitajika zaidi ni haya:

- *Bamba*: sehemu yote ya chuma iliyo nje ya kipini.
- *Makali*: ukingo unaokata. Ni neno la wingi daima: makali *yamelika*, si *umelika*.
- *Mgongo*: ukingo mnene usiokata.
- *Ubapa*: upande mpana wa bamba. Chapa ya kiwanda huwa hapa, karibu na kipini.
- *Ncha*: mwisho uliochongoka.
- *Kipini*: mahali pa kushikia. *Mpini* hufaa zaidi kwa jembe na shoka.
- *Msuka*: sehemu nyembamba ya chuma inayoingia ndani ya kipini.
- *Noleo*: pete ya chuma inayozunguka mahali bamba linapokutana na kipini. Isichanganywe na pete ya singe nyingine, ambayo huingizwa mdomoni mwa bunduki.
- *Ala* [i-/zi-]: kifuko cha ngozi, mti au chuma cha kuhifadhia bamba. Mfasiri ajihadhari na *ala* nyingine, yaani chombo cha kazi au cha muziki.
- *Mfuo*: mstari uliozama ubapani.

Mfuo ndio ulioitwa "mfereji wa damu" katika lebo. Jina hilo ni la simulizi za vijiweni. Kazi ya mfuo ni kupunguza uzito wa bamba bila kulifanya lipinde kwa urahisi. Kuuita mfereji wa damu ni kutoa maelezo ya kazi ambayo haukutengenezwa kuifanya, na mwalimu anayeliachia jina hilo katika insha anaipitisha dhana potofu kwa kizazi kingine.

Panapokosekana jina lililozoeleka, ni heri kueleza kuliko kubuni. "Kichwa cha kipini" na "kipande cha kukinga mkono" yanaeleweka na kila msomaji.

5. Pembe ipi?

*Pembe* ni neno lenye hatari ya pekee katika fani hii. Kiswahili hutumia neno hilo moja kwa kiungo cha kichwani mwa ng'ombe, nyati na kifaru, na pia kwa jino refu la ndovu. Vipini vya majambia ya thamani vilitengenezwa kwa pembe za aina mbalimbali, zikiwamo za kifaru. Biashara ya kimataifa ya vitu vitokanavyo na kifaru na ndovu inabanwa na mkataba wa CITES. Kwa hiyo maneno "kipini cha pembe" hayamwambii msomaji kama anatazama kitu cha kawaida au kitu kinachoweza kumfikisha mahakamani. Andika *pembe ya nyati*, *pembe ya kifaru*, *pembe ya ndovu*. Na ukishindwa kutambua, andika "kitu kigumu cheusi, hakijatambuliwa".

Katika mfano wetu utata huo haupo, kwani ukiangalia kwa kioo cha kukuza utaona nyuzi za mti chini ya weusi wa mikono na mafuta. Kipini ni cha mti.

6. Lugalo, Iringa na Mbeya

Hapa ndipo lebo inapofanya kosa zito zaidi.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walilishambulia na kulisambaratisha jeshi lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa. Walichukua bunduki na mizinga. Ni jambo la fahari, na familia yoyote ya Iringa ingependa kuwa na kumbukumbu ya siku hiyo. Lakini singe yenye chapa ya 1913 haikuwa imetengenezwa siku hiyo. Umbo lake nalo, la bamba linalopanuka nchani lenye sentimita 37, ni la muundo wa Kijerumani ulioanza kutumika mwaka 1905. Ushahidi wa chuma unakataa simulizi.

Kuikataa Lugalo si kuikosesha silaha historia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita katika nyanda hizi. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Nyasaland yaliteka nchi ya Rungwe, na tarehe 29 Agosti yakaingia Iringa. Mwaka 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilirudi kutoka Msumbiji, likapita Songea na Njombe, likaingia Rhodesia ya Kaskazini na hatimaye kusalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba. Wakati huo silaha nyingi za jeshi hilo zilikuwa za Kireno na za Kiingereza, zilizotekwa njiani. Jambo hili humfunza mtathmini kutenganisha maswali matatu: nani aliitengeneza silaha, nani aliitumia, na nani aliimiliki baadaye. Maneno "ya Mjerumani" huyajibu yote matatu kwa pamoja bila ushahidi. "Iliyotengenezwa Ujerumani" hujibu moja tu, lile lenye chapa. Mkono ulioishika huenda ulikuwa wa Msukuma au Mmanyema.

"Boma la Wajerumani la Mbeya" nalo halikuwapo. Mji wa Mbeya ulianza mwaka 1927, chini ya Waingereza, kutokana na dhahabu ya Lupa. Kituo cha Wajerumani katika eneo hilo kilikuwa Tukuyu, ambako wao walikuita Neu Langenburg.

Jina la Iringa pia lina mtego kwa mfasiri wa nyaraka. Limetokana na *lilinga* la Kihehe, lenye maana ya ngome. Katika maandishi ya 1894, "Iringa" iliyoshambuliwa na kubomolewa ni ngome ya Mkwawa iliyokuwa Kalenga. Mji wa leo ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896, kilomita chache kutoka hapo. Anayetafsiri bila maelezo humweka msomaji mahali pasipo penyewe.

7. Kutekwa, kurithiwa, kuokotwa

Kitenzi kinachoeleza namna kitu kilivyopatikana si pambo. *Ngawira* ni mali iliyotekwa vitani. *Nyara* huwa na maana hiyo hiyo, ingawa matumizi ya leo yameielekeza zaidi kwa watu waliotekwa. *Urithi* huhitaji mwenye kurithisha. *Zawadi* huhitaji mtoaji aliyeridhia. *Kumbukumbu* na *ukumbusho* havisemi lolote kuhusu upatikanaji, ndiyo maana hupendwa na anayetaka kuficha.

Uzito wa tofauti hizi unajulikana vizuri Kalenga. Mkwawa alipofariki tarehe 19 Julai 1898, kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulilitaja katika ibara ya 246 na kuitaka Ujerumani ilirejeshe, lakini lilirudi mwaka 1954 tu, likakabidhiwa na Gavana Edward Twining. Kwa miaka 56 kitu kilekile kilikuwa kielelezo kwa waliokishika, na kwa wenyewe kilikuwa mzee wao. Singe si fuvu, lakini kanuni ya kueleza ni ileile: andika kilichotokea kama kinajulikana, na kisipojulikana usichague kitenzi kinachojifanya kukijua.

8. Kueleza hali na kutaja thamani

*Kukadiria* ni kubahatisha kwa kutumia uzoefu. *Kutathmini* ni kuchunguza kwa vigezo na kutoa uamuzi wenye sababu. *Kuthamini* kuna maana mbili, kupanga bei na kukipa kitu heshima moyoni, na kwa hiyo hakufai katika hati ya mauzo. Familia huthamini singe yake, mtaalamu huitathmini.

Hali ielezwe kwa nomino zinazoonekana, si kwa sifa. Badala ya "iko vizuri sana", taja *kutu* na mahali ilipo; *vishimo* vilivyochimbwa na kutu; *mapengo* katika makali; *mikwaruzo* ubapani; *ufa* katika mti wa kipini; na kama bamba linaingia katika ala bila kukwama. Taja pia alama za kusafishwa. Msasa huondoa kutu pamoja na chapa, na chapa ikifutika silaha hupoteza ushahidi wake.

Mwisho, kuna maneno manne ya uhalali. *Halisi* ni kitu kilivyo kama kinavyodai. *Nakala* ni kitu kilichofanywa kwa kufuata kingine, pasipo hila. *Bandia*, neno lililotumika tangu zamani kwa mtoto wa kuchezea, huonyesha kwamba kitu si chenyewe. *Ghushi* ni kile kilichofanywa makusudi ili kudanganya, kwa mfano bamba jipya lililotiwa asidi lipate kutu ya haraka. Kuita nakala "ghushi" ni kumtuhumu mtu. Kuita ghushi "nakala" ni kumkinga.

Lebo iliyosahihishwa

"Singe ya kikosi, iliyotengenezwa Ujerumani, yenye chapa ya ukaguzi ya 1913. Bamba la chuma cha pua, sentimita 37, makali upande mmoja, mfuo katika kila ubapa. Kipini cha mti, parafujo mbili, ufa mdogo karibu na noleo. Vishimo vya kutu nchani. Ala haipo. Imehifadhiwa na familia moja Iringa. Namna ilivyopatikana haijulikani. Simulizi ya familia inaihusisha na Lugalo, lakini chapa ni ya baada ya 1891."

Sentensi ya mwisho ina umuhimu wake. Simulizi haikufutwa. Imeandikwa kama simulizi, kando ya ushahidi unaoipinga, ili atakayekuja baadaye aone yote mawili. Yawezekana babu alikuwa na singe nyingine, na hii ikachukua nafasi yake katika masimulizi. Lebo yenye maneno sahihi huliacha swali hilo wazi kwa wazee wa Kalenga au kwa wahifadhi wa makumbusho ya Boma la Iringa. Lebo ya kwanza ilikuwa imelifunga.